Kisasi kinataka watazamaji: maongezi yangu Kigoma kuhusu riwaya za mapenzi ya hoki

Kwa wale ambao hawakupata nafasi ya kuja Mwanga siku ile, haya ndo niliyoongea na kikundi chetu cha wasomaji na waandishi wa hadithi za simu. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwa hiyo msishangae sentensi zikienda zenyewe.

Shikamooni mama zangu na baba zangu mliokuja. Wadogo zangu mambo vipi. Na nyie mliotoka Ujiji na Kasulu kwa nauli zenu wenyewe asanteni sana, nawaona.

Nimeombwa niongelee hizi riwaya za mapenzi za wacheza hoki ya barafu, ule mchezo wa magongo wanaocheza wakiteleza juu ya barafu, ambazo kila simu humu ndani imejaa, na hasa ile aina inayopendwa kuliko zote: binti kachitiwa, kaumia, kaamua kulipa kisasi, akaenda kukubaliana na hasimu wa yule aliyemuumiza waigize wachumba ili jamaa aone na roho imuume, halafu maigizo yakageuka mapenzi ya kweli. Mnaijua. Hata mama mmoja pale nyuma kanionyesha yake amefika sura ya ishirini na kitu na hataki kumaliza maana hajapata nyingine.

Mimi naipenda hii aina ya hadithi na nitasema bila kuzunguka, sijaja hapa kuwaambia muache kusoma mapenzi msome vitabu vizito. Mapenzi ni jambo zito. Watu wanaacha shule kwa ajili yake, wanahama mji, wanagombana na ndugu zao hawasalimiani mpaka msibani. Anayesema ni mambo ya wasichana tu hajakaa nyumba yenye harusi iliyovunjika.

Mlangoni pale kuna kaka kaniuliza, dada, Kigoma na barafu wapi na wapi, barafu tunayoijua sisi ni ile ya kuwekea migebuka isioze na zile za ukwaju wanauza watoto. Ni kweli. Lakini huo mchezo haupo mbali kama tunavyodhani. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari tangu mwaka 2005, na vijana wa Kenya wana timu yao inaitwa Ice Lions, mwaka 2018 wakapelekwa mpaka Canada wakacheza na Sidney Crosby ambaye ni mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo duniani, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Na sisi Watanzania tulipeleka timu ya hoki Olimpiki ya Moscow 1980, hoki ya kawaida ile ya magongo bila barafu, timu zilikuwa sita na tukawa wa sita, India walitufunga 18 kwa bila. Tulifungwa sana lakini tulikuwepo. Kwa hiyo mtu asikwambie mchezo wa magongo sio wetu.

Sasa nataka niwaeleze mchezo wenyewe kidogo, maana wengi mnaruka zile kurasa za mechi mnakimbilia kurasa za busu, na mimi nasema siri ya hadithi iko kwenye zile kurasa mnazoruka.

Kila timu inakuwa na watu sita uwanjani, watano wanateleza na mmoja golikipa. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Hakuna mpira, kuna kidude cha raba ngumu nyeusi cha duara, bapa, kina uzito wa gramu 170 hivi, wanakiita paki, na mtu mwenye mkono akikipiga kinaweza kupita kilomita 160 kwa saa. Mchezaji hakai uwanjani muda mrefu, chini ya dakika moja anatoka mwingine anaingia, wanabadilishana hivo hivo mechi nzima kwa sababu kuteleza kwa nguvu zote kunamaliza mtu pumzi. Ligi yao kubwa ya huko Marekani na Canada inaitwa NHL, ilianzishwa 1917 Montreal, ina timu 32, na msimu mmoja timu inacheza mechi zaidi ya 80 kabla hata ya hatua ya mtoano, nusu yake nyumbani nusu ugenini. Hapo tu mwandishi ameshapata kitu: mwanaume hayupo nyumbani nusu ya msimu, na binti yuko na simu yake.

Halafu ni mchezo wa gharama. Viatu vya kuteleza, magongo, mavazi ya kujikinga, na muda wa kutumia barafu wenyewe unalipiwa, ndo maana wazazi wengi huko wanaamka kabla hakujapambazuka kumpeleka mtoto mazoezini, maana saa nzuri zimeshachukuliwa. Ndo sababu shujaa wa hizi riwaya mara nyingi ni kijana aliyevaa viatu vya kaka yake, mama yake kafanya kazi mbili, sasa yuko chuo kwa udhamini wa michezo, na akiharibu jina amekwisha. Ndo pia sababu anakubali kuigiza uchumba. Binti anataka kumkomoa mtu, yeye anataka wakubwa wa timu waone ametulia ana mchumba wa heshima. Kila mmoja ana haja yake. Mkiandika hadithi hizi msimpe haja mmoja tu, mwingine akawa anafuata kama mzigo.

Lakini kitu ninachotaka tukae nacho leo ni kile kibanda cha adhabu.

Ukimkwatua mtu kwa gongo, ukimsukuma vibaya, ukamshika, refa anakutoa na unaenda kukaa kwenye kibanda pembeni ya uwanja, kina kioo, umati wote unakuona. Kosa dogo ni dakika 2. Na kwa hizo dakika 2 timu yako hairuhusiwi kujaza nafasi yako, wanacheza pungufu, wenzio wanne wanakimbia kazi ya watu watano huku wewe umekaa. Sasa sikilizeni kanuni inayofuata maana ndo inayonifanya niupende huu mchezo kwenye riwaya: wapinzani wakifunga goli wakati wewe uko ndani kwa hiyo adhabu ya dakika 2, mlango unafunguliwa, unatoka kabla ya muda wako kuisha. Yaani unapata uhuru kwa sababu wenzako wamefungwa.

Hebu rudia hiyo kichwani. Hasira ni yako, anayefungwa goli ni mwingine, na goli hilo ndo linalokutoa.

Tuchukulie riwaya yetu. Yule jamaa aliyechiti ni nahodha wa timu moja, na yule anayeigiza kuwa mchumba ni hasimu wake wa timu nyingine. Binti amekaa jukwaani amevaa jezi ya hasimu, jina lake liko mgongoni kubwa. Nahodha anamwona. Anajizuia kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili hasimu anapita karibu yake anatabasamu, basi jamaa anamchapa gongo la miguu, filimbi, dakika 2. Anaingia kibandani anakaa, kofia mkononi, jasho linamtiririka, na kwa kile kioo anaona vitu viwili kwa pamoja, anamwona binti kule juu anacheka, na anamwona golikipa wake yuko peke yake na watu wanamjia. Na huyo golikipa ni nani? Ni yule rafiki ambaye sura ya tatu ndiye peke yake alikuwa na ujasiri wa kumpigia binti simu na kumwambia dada, unachitiwa, nakwambia kwa sababu nakuheshimu. Sasa anapigiwa paki anadaka, anapigiwa tena anadaka akiwa chini, ya tatu inapita. Uwanja unalipuka. Mlango wa kibanda unafunguliwa, nahodha anatoka.

Binti amepata alichokitaka. Alitaka jamaa aumie mbele za watu, na ameumia mbele za watu. Lakini aliyelala kwenye barafu anapiga gongo lake chini kwa uchungu ni mtu aliyemtendea wema.

Hiyo sura moja ina thamani kuliko sura kumi za "nilimtazama akanitazama". Na hapo ndo nasema kwamba kisasi kinataka watazamaji, na ankara yake haiendi kwa uliyemlenga peke yake, inapelekwa kwa mtu aliyekuwa karibu. Mwandishi wa kisasi kazi yake kubwa ni kuonyesha nani ameletewa ankara. Wengi wetu tunaandika mpango, tunaandika mavazi, tunaandika jamaa anavyokunja sura, halafu tunasahau ankara, na msomaji anamaliza anasema hadithi tamu lakini sijui imepungukiwa nini.

Haya, turudi kwenye ile jezi, maana kuna dada aliuliza kwenye kundi kwa nini hizi riwaya zinashupalia sana jezi, binti akivaa jezi ya fulani basi kurasa tano watu wanazimia. Mimi nikasema hebu tusijifanye hatuelewi, jezi ile ni kanga. Mwanamke anatoka kwake asubuhi kajifunga "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake", hajatukana mtu, hajataja jina, amepita tu barazani kwa jirani anaenda dukani, na jirani ameelewa neno moja moja. Jezi inafanya kazi hiyo hiyo, ujumbe uko mgongoni, anayehusika atausoma, na ukimuuliza binti atakwambia mimi nimekuja kuangalia mechi. Taarabu yote ya rusha roho imesimama hapo. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema hizi ni hadithi za wazungu hatuna uhusiano nazo, mwambieni kurushana roho Waswahili tumeanza kabla hata hao hawajajua kuandika riwaya za simu.

Sasa uchumba wa kuigiza. Mnajua masharti yao, kila riwaya inayo orodha: tutashikana mikono mbele za watu, tutapiga picha tutapost, busu ni pale jamaa yupo tu, hakuna kulala sehemu moja, mashindano yakiisha tumeachana, na sharti la mwisho hakuna kupendana. Msomaji anasoma sharti la mwisho anacheka, anajua litavunjwa, hajanunua kitabu ili lisivunjwe. Kwa hiyo msihangaike kumshangaza kwa hilo. Mshangazeni kwa namna linavyovunjika.

Na mimi naamini kuna sehemu moja tu linaweza kuvunjika kwa ukweli, nayo ni pale watazamaji wameondoka. Wakiwa mbele za watu chochote wanachofanya ni maigizo, hata akimbusu dakika tatu ni maigizo, hakithibitishi kitu. Andika pale wamebaki wawili. Mechi imeisha, watu wameshatawanyika, wako kwenye maegesho ya magari baridi inauma, jamaa amebeba begi la binti begani kama alivyolibeba tangu mlangoni wakati kamera zipo.

"Wameshaondoka wote," binti anasema.

"Najua."

"Sasa begi langu?"

"Zito hili."

Basi. Msiongeze kitu hapo. Msimfanye aeleze kwamba moyo wake ulidunda kama ngoma. Begi limebaki begani na hakuna anayeangalia, msomaji amepata alichokuja kukitafuta.

Hapo sasa nakuja kwenye jambo linalonikera na nitalisema kwa sababu nawapenda. Nasoma hadithi zenu nyingi, nyingine mnanitumia saa sita usiku, na naona binti anaitwa jina la Kizungu, yuko Boston, theluji inaanguka, anakunywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi, na mwandishi yuko hapa hapa Gungu hajawahi kuona theluji wala hajui inasikikaje mguuni ukiikanyaga. Inaonekana. Msomaji anahisi kwamba ile theluji umeikopa. Sikatazi mtu kuandika Boston, ukitaka kuandika Boston soma mpaka uijue, jua kipindi kina dakika ngapi, jua mchezaji anaweza kuuzwa timu nyingine akaambiwa leo na ahame mji haraka, hilo peke yake linaweza kuvunja penzi sura nzima. Lakini kama unachotaka ni kisasi na uchumba wa kuigiza, hivyo vyote viko hapa na vina moto kuliko huko.

Nawaambia kwa nini. Kule watazamaji wanaondoka. Hapa kwetu hawaondoki.

Jaribu kuigiza uchumba Kigoma uone. Umeonekana umeshikana mkono na kijana uwanja wa Lake Tanganyika siku Mashujaa wanacheza, bodaboda aliyekushusha anamjua kaka yako, jioni mama mdogo amepiga simu anauliza ni mtoto wa nani, watu wa wapi, dini gani. Kesho yake shangazi wa Kasulu amejua. Wiki haijaisha kuna mzee amesema hao vijana kama wameelewana basi wazee wa upande wa pili walete barua, kwa nini wanazunguka zunguka. Ulitaka kumrusha roho mtu mmoja na sasa kuna mshenga. Wale wa kwenye riwaya za hoki wanaweza kuigiza msimu mzima hakuna mtu aliyewauliza mahari. Wewe hapa una siku chache tu kabla uongo wako haujaingia sebuleni kwa wazee ukakaribishwa chai.

Huo ndo utajiri wetu na naona tunautupa. Ile hofu ya kugunduliwa ambayo wao wanaitafuta kwa nguvu, mara kamera, mara mwandishi wa habari, sisi tunapewa bure na ukoo.

Na ankara je? Hebu mfikirieni mama. Mama anauza dagaa Kibirizi, asubuhi yuko anaanika, na wenzake wameshasikia. Wanamwita mama mkwe. Yeye anasema aa jamani niacheni, lakini anacheka, na siku hiyo yule tajiri wa mitumbwi ambaye huwa anamwacha mpaka mwisho anampa ndoo mapema, kwa sababu kijana ni mtoto wa ndugu yake na sasa huyu ni mtu wa nyumbani. Mama anaenda kwenye kikoba anasema mwezi huu msinipe, niwekeeni, nina shughuli. Ameshaangalia kitenge cha sare. Kila siku binti anamwona mama yake anatembea ameinua shingo kidogo kuliko jana, na binti anajua kwamba hakuna harusi, kuna makubaliano ya kumkomoa mtu ambaye mama hata hamkumbuki sura.

Siku akimwambia ukweli, msimwandike mama anazimia. Mama zetu hawazimii ovyo. Mwandikeni anauliza swali moja la kazi: "Na mama yake nimwambie nini?" Kwa sababu ameshaongea na mama wa kijana, wameshaitana jina la undugu, na hilo halifutiki kwa kusema tulikuwa tunaigiza.

Mimi ningesoma riwaya hiyo usiku kucha.

Na msiseme hatuna ratiba kama wao wenye mechi zaidi ya 80. Ziwa lina ratiba. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza na taa zao, mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, kwa hiyo kila mwezi kuna siku wanaume wako ziwani na kuna siku wamejaa mjini wana hela na hawana kazi, ni siku gani hapo mtu anaweza kukutana na mtu wake wa zamani? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na kwa mwandishi hiyo ni nafasi ya pekee, fikiria kijana aliyeahidi mahari kwa kujigamba kwenye uchumba wa uongo halafu ziwa limefungwa na uchumba umekuwa wa kweli. Treni ya reli ya kati nayo inaishia hapa. Ukitaka wawili wako wakae sehemu moja bila shangazi, waweke behewani usiku kuelekea Tabora wenzao wamelala. Hiyo ndo maegesho yetu ya magari, begi liandikeni hapo.

Kuna kitu kingine kifupi. Hizi riwaya zilipaa sana TikTok kuanzia 2022 hivi, na timu nyingine za kweli zikaona ni biashara zikaanza kuwavutia wasomaji. Timu ya Seattle Kraken ilifanya hivyo, mpaka mwaka 2023 mke wa mchezaji wao mmoja akajitokeza hadharani kusema wasomaji wanamwandikia mume wake maneno ya kitandani na wamevuka mpaka, timu ikarudi nyuma ikaondoa zile video. Nawaombeni sana, mkiandika mchezaji wa mpira, mtungeni wenyewe. Msichukue mchezaji wa Simba au Yanga ana mke na watoto mkamwandikia mambo ya chumbani. Yule mke naye ni msomaji.

Na hili la ngumi. Kwenye nyingi ya hizi riwaya kuna sura shujaa anamvaa yule wa zamani anampiga mpaka damu, na binti anaona ndo kapendwa. NHL wakipigana ngumi adhabu ni dakika 5 na mtu anarudi kucheza, na mashabiki wanashangilia, ni sehemu ya utamaduni wa mchezo wao na siwezi kuufuta. Lakini sisi humu ndani tunajua ngumi ya wivu inaishia wapi. Inaanza kwa mwanaume mwingine, inahamia kwa mlango, halafu inahamia kwako. Tuna dada zetu. Binti wa miaka kumi na sita anasoma hadithi yako chini ya shuka anajifunza kwamba mwanaume anayekupenda atakuonyesha kwa kuumiza watu, na wewe uliyeandika hujakaa ukalifikiria hilo, uliandika tu kwa sababu zote zinakuwaga hivyo. Mimi ningependa shujaa ambaye ngumi ameikunja na ameiona kwenye mkono wake mwenyewe na akaenda kukaa kibandani bila refa kumwambia.

Naona mikono imenyooshwa. Ngoja nijibu hili lililoandikwa kwenye karatasi: je mwisho yule aliyechiti aadhibiwe au asamehewe?

Jamani, hadithi zetu za simu tunapenda kuadhibu. Mbaya anagongwa na lori sura ya mwisho. Au anapata ukichaa anaokota makopo. Au anaugua na anaomba msamaha akiwa kitandani, wote wamemzunguka, anakata roho. Naelewa, mtu ameumizwa kwenye maisha yake anataka angalau kwenye hadithi haki ipatikane. Lakini lori sio haki, lori ni mwandishi amekasirika. Msomaji anajua ni wewe ulikuwa unaendesha.

Mimi jibu langu ni kwamba apoteze kitu alichokiharibu kwa mkono wake, na kisizidi hapo. Nahodha apoteze unahodha, kwa sababu aliacha timu ikacheza pungufu, na aambiwe na yule golikipa, sio na binti. Binti asiwepo hata chumbani. Akija kusikia asikie kwa njia ya kawaida, kwenye simu, na agundue kwamba hakusikia raha aliyoitegemea kwa sababu kichwa chake siku hiyo kilikuwa na jambo lingine, alikuwa anafikiria aende vipi kwa mama wa kijana kuongea naye uso kwa uso. Maana kijana na binti kupendana kweli hakufuti kwamba walianza kwa kuwadanganya watu wazima. Wanatakiwa waende. Wakae mkekani, waseme tuliwadanganya kuanzia siku fulani mpaka siku fulani, na baada ya hapo tunaomba ruhusa ya kweli. Na wale wazee wawe na haki ya kukasirika. Wakatae mara ya kwanza. Sio kwa ukatili, wamechukizwa tu, wanataka wiki mbili wafikirie.

Hiyo sura ya mkekani sijaisoma popote bado, kwenye riwaya za hoki haiwezi kuwepo maana wazazi wao wanapigiwa simu tu wanapongeza. Sisi tunaweza kuiandika. Nataka niisome kabla mwaka huu haujaisha, na nataka iwe imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye hivi viti.

Kwa hiyo tukikutana tena kila mtu aje na kurasa mbili, wala sitaki busu humo, nataka ile siku ukweli unasemwa nyumbani, nani amekaa wapi, nani ameongea wa kwanza, chai ilikuwepo au haikuwepo, na nani alinyamaza. Mtasoma wenyewe kwa sauti. Wanaume pia, msijifiche nyuma ya kusema mimi nimesindikiza mtu. Na kwa leo kuna dada wa Katonga ameshika daftari tangu naanza kuongea na naona analifungua analifunga, dada njoo mbele, wewe nadhani umeshaandika kitu, anza popote.